Siku tatu Dar na mtoto anayependa kuchora: tuanzie wapi?

Ndugu wa safu hii, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Mwezi ujao nakuja Dar es Salaam kwa semina itakayokwisha Ijumaa jioni, na nimeomba ruhusa hadi Jumanne, nirudi kwa treni ya asubuhi. Nitafuatana na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 14. Huyu mtoto anachora. Madaftari yake yote ukiyafungua kwa nyuma yamejaa simba na mabasi. Nimemwahidi kuwa atawaona watu wanaokula kwa kazi hiyo.

Tutafikia kwa kaka yangu Magomeni. Yeye anasema Dar hakuna sanaa, kuna fukwe na maduka makubwa, na nikitaka ngoma nirudi kijijini. Safari iliyopita nilijaribu mwenyewe. Nilishinda kwenye foleni, nikafika makumbusho wanafunga, nikaishia kununua kinyago cha mpingo kando ya barabara. Kilipofika nyumbani kilipaka weusi kitambaa cha meza, na mwaka haukuisha kikawa kimepasuka toka kichwani hadi tumboni.

Nina laki mbili na nusu, mbali na nauli ya treni na malazi. Nipangieni siku hizo tatu, na mnieleze namna ya kununua bila kuingizwa mjini. Tena, Jumamosi usiku mtoto atabaki na mjomba wake. Ningependa kusikia dansi au taarabu, ila sijui taratibu za huko.

Mwalimu, Dodoma

JIBU

Mwalimu, kaka yako hajakosea sana. Ukikaa Dar ukisubiri kuonyeshwa sanaa, utaonyeshwa bahari. Jiji hili halina mtaa mmoja wa sanaa. Makumbusho iko mjini, wachoraji wa mtindo wa Tingatinga wako Oysterbay, wachongaji Mwenge, wasanii wa kisasa Mikocheni, na muziki unahama ukumbi kila baada ya muda. Halafu sehemu kubwa ya kazi hiyo utaikuta karakanani, ukumbini ni kidogo. Kwa hiyo weka orodha ya vivutio pembeni, upange kwa upande wa jiji na kwa saa ambazo fundi yuko kazini. Siku moja, upande mmoja. Ukichanganya mjini na Mwenge kwa siku moja umeshapoteza saa tatu barabarani.

Magomeni mmefikia pazuri, kwa sababu mwendokasi unawapeleka Kivukoni na pia Morocco. Asubuhi foleni inaelekea mjini, jioni inatoka mjini. Nyinyi nendeni kinyume chake kila inapowezekana. Katika pesa yako tenga 60,000 za usafiri wa ndani, 50,000 za viingilio na chakula cha mchana, 30,000 za muziki, na 110,000 za kununua kitu. Chukua kitambulisho cha NIDA, maana kwenye makumbusho za taifa raia analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, na mtoto chini zaidi.

Jumamosi anzeni na Tingatinga. Tuna sababu ya kuiweka picha siku ya kwanza, tutafika hapo. Pandeni mwendokasi hadi Morocco, kisha bajaji hadi Morogoro Stores, barabara ya Haile Selassie, Oysterbay. Fikeni kama saa nne, mafundi wakiwa wameshakaa. Hapo ndipo kilipo chama cha ushirika cha wachoraji kilichosajiliwa mwaka 1990. Mwanzilishi wa mtindo, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 na alifariki 1972. Miaka minne tu, na mtindo umebaki na jina lake. Alichorea vipande vya mraba vya hadibodi, kama sentimita 60 kila upande, kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Siku hizi wengi wanachorea kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, ila rangi ni ile ile ya mafuta. Hiyo rangi ndiyo inayoleta uzuri na matatizo yote mawili.

Mwanao atazame hatua. Kwanza hupakwa mandhari ya nyuma, mara nyingi rangi mbili au tatu zinazoyeyukiana, halafu huachwa ikauke. Kisha umbo la mnyama hujazwa kwa rangi moja bapa, bila kivuli. Ikikauka, ndipo vinakuja vidoti, mistari na macho. Fundi mzoefu mara nyingi haanzi na penseli. Anayeharakisha akapaka vidoti juu ya rangi mbichi, kingo zinatambaa na kidoti kinageuka doa; hiyo ni njia rahisi ya kuijua picha iliyofanywa mbio mbio kwa ajili ya kuuza. Sogea karibu, tazama kingo za vidoti na mistari myembamba ya manyoya. Kingo ziwe kali.

Utaona twiga wale wale kwenye vibaraza kadhaa. Usidhani umeibiwa. Kurudia mchoro wa mwenzako ni desturi ya mtindo huu tangu wanafunzi wa kwanza, na sahihi iliyo pembeni ndiyo inayosema nani ameshika brashi. Cha kufanya ni kuuliza, "Mwenye jina hili yupo?" Akiwepo, ongea naye: picha imemchukua muda gani, na lini ameimaliza. Asipokuwepo na muuzaji hajui ilimalizwa lini, ipitie kwa makini zaidi au nenda kibaraza cha pili. Kupiga picha kwa simu, omba kwanza. Mchoraji mwenye mchoro wake mpya hapendi uondoke nao kwenye simu bila kununua, na ana haki.

Mtoto akitaka kujaribu, uliza kama kuna fundi wa kumketisha naye saa moja au mbili kwa malipo mtakayokubaliana kabla ya kuanza, pamoja na kibao kidogo na rangi. Avae fulana ya kuchezea. Rangi ile ikishika nguo haitoki kwa sabuni. Brashi zenyewe zinasafishwa kwa thina au mafuta ya taa. Wakae kibarazani penye upepo, kwa sababu harufu yake ndani ya chumba inaumiza kichwa.

Sasa kununua. Rangi ya mafuta hukauka juu kwa saa chache, lakini ndani inaendelea kuwa laini kwa siku kadhaa, hasa pale ilipolundikana: kwenye vidoti. Bonyeza kwa upole kidoti kinene kilicho pembeni. Kikiacha alama ya kidole au kikinata, bado. Picha kama hiyo ukiikunja leo na kuifungua Jumanne, vidoti vitabaki upande wa pili. Ndiyo maana tumesema mnunue Jumamosi: itapata siku mbili ukutani kwa kaka yako, mbali na jua la moja kwa moja. Mwambie fundi aibandue kwenye fremu, fremu nyingine utatengenezewa na seremala Dodoma. Aache ukingo wa kitambaa sentimita tano kila upande ili kuwe na cha kuwambia. Jumatatu usiku ikunje upande wa rangi ukiwa NJE. Watu wengi hukunja rangi ndani wakidhani wanailinda, kumbe rangi iliyokunjwa ndani hubanwa na kujikunyata, na ikiwa nje inatanuka kidogo tu. Izungushe kwenye bomba la plastiki la inchi nne, na juu ya rangi tandika karatasi ya kuokea keki. Gazeti usitumie, wino wake unahamia kwenye picha. Ndani ya treni iweke juu kwenye rafu ya mizigo, usiibane na begi.

Kuhusu bei: usiitaje kama hujaamua. Ukitaja bei na fundi akaitikia, umenunua. Kwa 110,000 usitarajie picha kubwa na kinyago kikubwa kwa pamoja. Chagua kimoja kiwe cha maana, kingine kiwe kidogo cha mkononi.

Mkitoka hapo, kuleni Namanga, kisha alasiri ingieni Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kituo cha Makumbusho. Huko zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali katika ukubwa wake halisi. Kaka yako atanyamaza akiona msonge wa Wahaya na tembe vikiwa hatua chache kutoka daladala za Mwenge. Ngoma huchezwa alasiri za mwishoni mwa wiki, lakini piga simu asubuhi hiyo hiyo kuhakikisha, kwa sababu mvua au shughuli nyingine huipangua ratiba. Ingieni ndani ya nyumba. Mwanao achore namna fito zilivyofungwa paani. Hilo halionekani kwenye picha za vitabuni.

Jumapili ni ya mjini, na hatuna maelezo mengi, kwani siku hiyo katikati ya jiji kunapwaya na unaweza kutembea bila kusukumwa. Shukeni Kivukoni, mwende kwa miguu hadi Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, mtaa wa Shaaban Robert. Ilifunguliwa mwaka 1940. Fikeni ikifunguliwa; tatizo lako la safari ile lilikuwa kuiacha hadi jioni. Usiruke ukumbi wa chimbuko la binadamu, wenye habari za Zinjanthropus, fuvu la kale lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, wala magari ya viongozi wa nchi, ambayo mchora mabasi atakaa nayo muda mrefu kuliko fuvu. Pale mapokezi uliza kama ukumbi wao wa maonyesho una tamthilia au muziki wiki hiyo, kwa kuwa matangazo yao mengi huishia mlangoni.

Kutoka hapo tembeeni kuelekea sanamu ya Askari ya mwaka 1927, kisha kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu, na mwisho Old Boma karibu na boti za Zanzibar, jengo la miaka ya 1860, zama za Sultani Majid, lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa kuchongwa. Mtoto achague kimoja akae akichore. Angalizo moja: simu isielekezwe Ikulu, bandarini wala kwa askari wa zamu. Ukikosea utaambiwa ufute, na siku imeshaharibika.

Jumatatu ndiyo siku ya wasanii wa kisasa na wachongaji, kwa kuwa wapo jirani. Anzeni Nafasi Art Space, Mikocheni, eneo la viwanda vidogo. Ipo tangu 2008. Studio nyingi ni makontena, kila moja na msanii wake, na kuna ukumbi wa maonyesho. Piga simu Ijumaa kuuliza kama Jumatatu wako wazi na nani anakuwepo. Wasanii hawana saa za ofisi; ukifika saa mbili asubuhi utakuta makufuli. Saa tano ni nzuri. Jitambulisheni ofisini kwanza, kisha bisheni hodi kwenye studio iliyo wazi. Mtoto aende na daftari lake, alifungue kwa nyuma, asione haya. Msanii akiona mwenzake ana michoro, mazungumzo yanabadilika kabisa. Amuulize anatumia nini, anaanzaje, kazi iliyomshinda iko wapi. Bei isiwe swali la kwanza.

Kazi za huku hazinunuliwi kwa kupatana kama sokoni. Mchoro ni mmoja, haurudiwi, na msanii anajua kiasi alichouzia mwenzako mwezi uliopita. Ukiona ni ghali kwako, uliza kama ana kazi ndogo za karatasi au za kuchapa, ambazo huwa na bei nafuu. Ukinunua, upewe risiti yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa na vipimo kwa sentimita, na sahihi iwe kwenye kazi yenyewe.

Kisha Mwenge, kwenye vinyago. Hapo ndipo mkasa wako unapoeleweka, nao ni mikasa miwili tofauti. Weusi uliobaki kwenye kitambaa ni kiwi ya viatu. Mti mwepesi wa rangi ya kahawia ukipakwa kiwi nyeusi unafanana na mpingo mpaka uushike. Lakini usiishie kupangusa kwa leso: hata mpingo wa kweli hung'arishwa kwa kiwi, kwa hiyo weusi kidogo kwenye leso hautoshi kuhukumu. Pindua kinyago utazame kitako, kwenye sehemu ya msumeno ambayo haikupakwa kitu. Moyo wa mpingo ni mweusi au zambarau iliyokolea mpaka ndani, na pembeni huwa na utando mwembamba wa mti mweupe wa njano. Fundi mzuri huuacha utando huo mahali makusudi, uwe nguo au nywele. Kisha pima uzito. Mpingo huzama majini. Kinyago cha kiganja kikikulemea kuliko ulivyotarajia, hiyo ni dalili njema. Ukucha haupaswi kuacha alama.

Mpasuko ni habari nyingine, na huenda kinyago chako kilikuwa mpingo halisi. Mpingo hukauka polepole sana, na wachongaji huuchonga ungali na maji, kwa sababu ukikauka tezo na patasi zinateleza. Dar hewa ina unyevu, hivyo hautikisiki. Ukiupeleka Dodoma, nje unakauka haraka, ndani bado, na mti unaachia pale penye moyo wake. Kwa hiyo chagua kinyago chembamba au kilichotobolewa katikati, kama vile vya ujamaa vya watu waliobebana, au vya mawingu, vyenye maumbo ya kupindapinda kama wingu. Gogo nene la kichwa kimoja ndilo linalopasuka kwa urahisi. Tazama kwenye mwanga kama kuna nyufa zilizozibwa kwa nta au unga wa mbao na gundi: mstari wake haung'ai kama mti. Uliza kilichongwa lini, chukua kilichokaa dukani miezi mingi, hata kama kina vumbi. Nyumbani kifungie kwenye mfuko wa plastiki, uache upenyo mdogo, uupanue wiki hadi wiki kwa miezi miwili hivi, mbali na dirisha, jua na kiyoyozi. Na kile cha zamani usikizibe sasa. Ufa hupanuka na kubana kulingana na msimu, na gundi ngumu itausukuma upasukie upande wa pili. Kipake mafuta kidogo ya mbao, kipumzike.

Pita nyuma ya maduka, kwenye mlio wa tezo. Wanaochonga wako huko chini ya miti na mabanda, na wengine watakuuzia wenyewe. Dukani unalipia pia kodi ya pango. Mwombe fundi mmoja amwonyeshe kijana mpangilio wa kazi: tezo kwa umbo, patasi kwa sura, tupa, kisha msasa kutoka wa kukwaruza hadi laini. Msimwache bila kumpa chochote kwa muda wake, hata msiponunua. Ondokeni kabla ya saa kumi.

Sasa Jumamosi usiku. Bendi za dansi zenye mizizi bado zipo, Msondo Ngoma iliyotokana na NUTA Jazz ya 1964, na Sikinde ya Mlimani Park iliyoanza 1978, ila ukumbi wa mwaka jana si lazima uwe wa mwaka huu. Ijumaa piga simu kwenye ukumbi wenyewe, si kwa mtu aliyebandika tangazo, na uulize mambo mawili: bendi gani inapiga kesho, na kiingilio ni cha mlangoni au kimo ndani ya kinywaji cha kwanza. Tangazo likisema saa tatu, kabla ya saa tano utasikia wakijaribu vyombo. Kaa pembeni ya uwanja wa kuchezea, usikae mbele ya spika. Gari la kurudi lipangwe kabla hujatoka nyumbani, usitegemee mwendokasi saa hizo. Singeli za mitaani, vigodoro (sherehe za kukesha mtaani) vya Manzese na Tandale, ni shughuli za watu. Mgeni anaenda kwa kualikwa na mwenye shughuli.

Taarabu ndiyo yenye mtego. Utaona wanawake wanainuka wakicheza taratibu hadi jukwaani wakimtunza mwimbaji noti. Ni desturi nzuri, lakini katika nyimbo za mipasho anayetunza kwenye ubeti fulani anaweza kuwa anaupeleka ubeti huo kwa mtu aliyekaa humo humo ukumbini. Mgeni akiinuka kwa furaha kwenye ubeti wa wezi wa waume, meza tatu zitageuka kumtazama. Nenda na wifi yako. Beba noti ndogo ndogo zilizonyooka, subiri vyombo vinapopigwa peke yake bila maneno, inukeni wawili, mtunzeni mwimbaji au mpiga kinanda, mrudi mkae. Na kama wifi anakushika mkono usiinuke, usiinuke. Atakueleza mkifika nyumbani.